Chura wa Kihansi: Mto ulibaki, manyunyu yakaondoka

Kuna maswali mawili ya watoto wa shule ambayo huwapa wazazi wengi shida. La kwanza ni umeme unatoka wapi. Jibu la haraka, hasa jioni mzazi akiwa amechoka, ni "Tanesco", na mtoto akiuliza Tanesco wanautoa wapi, anaambiwa akamalize kazi za shule. La pili huja siku mtoto anaposikia kwamba vyura wa Tanzania waliwahi kupandishwa ndege kwenda kuishi Marekani. "Baba, kwani huko hawana vyura?" Watu wazima hucheka, wakasema hayo ni mambo ya wazungu, na mazungumzo yanahamia kwingine.

Maswali hayo mawili yana jibu moja, na jibu hilo liko kwenye Mto Kihansi.

Mto huu unatoka nyanda za juu za Udzungwa, upande wa Iringa, ambako kuna baridi, ukungu na mashamba ya mahindi. Baada ya hapo ardhi inakatika ghafla. Mto unaingia kwenye korongo lenye msitu mzito na kuporomoka kwa maporomoko yanayofuatana, ukishuka zaidi ya mita 800 katika umbali wa kilomita chache tu, hadi unapotulia chini kwenye Bonde la Kilombero mkoani Morogoro. Mhandisi wa umeme akiangalia mteremko kama huo anaona zawadi. Chura mdogo wa manjano alikuwa ameuona zamani zaidi, kwa sababu nyingine kabisa.

Mama asiyetaga mayai

Inafaa kuanza na chura mwenyewe, kwani wengi wanaomcheka hawajawahi kuelezwa ni chura wa aina gani.

Watoto wa shule ya msingi hukaririshwa hatua za ukuaji wa chura na kuuchora mchoro wake kwenye daftari: mayai majini, kiluwiluwi mwenye mkia, miguu inaota, mkia unapungua, chura kamili. Chura wa Kihansi hafuati mchoro huo. Jike lake halitagi mayai majini. Linabeba mimba. Mayai hurutubishwa yakiwa ndani ya mwili wake, watoto wanakulia humo wakilishwa na kiini cha yai, na hatua ya kiluwiluwi inapita humohumo tumboni. Siku ya kuzaliwa hutoka vichura vilivyokamilika, kila kimoja kikiwa na urefu wa milimita tano hivi, yaani kifupi kuliko punje ya mchele.

Mama mwenyewe hafiki sentimita tatu. Akiwekwa juu ya kifuniko cha soda anaenea. Dume ni dogo zaidi, halifiki hata sentimita mbili. Rangi yao ni manjano inayong'aa kama dhahabu, na ngozi ya tumbo la jike ni nyembamba kiasi kwamba mara nyingi watoto walio ndani huonekana kwa nje. Akina mama wanaopanga foleni na kulipia kipimo cha ultrasaundi wataelewa jinsi huyu alivyorahisishiwa.

Ukoo wake, ambao wanasayansi wanauita Nectophrynoides, hupatikana Tanzania tu. Ndugu zake wanaishi kwenye misitu ya Milima ya Tao la Mashariki, kama vile Uluguru na Udzungwa. Lakini huyu wa Kihansi hajawahi kuonekana kwenye korongo lingine lolote duniani. Hata ndani ya korongo lake hakuenea kote. Aliishi kwenye vipande vya majani chini ya maporomoko, eneo ambalo kwa jumla lilikuwa kama hekta mbili, lisilofika viwanja vitatu vya mpira.

Sababu ya kubanana hapo ilikuwa manyunyu. Maji yaliyoanguka kutoka juu yalipasuka kwenye miamba, yakatoa upepo na mvuke wa matone madogo uliolowanisha kila jani, mchana na usiku, masika na kiangazi. Joto halikubadilika sana. Udongo haukukauka. Juu yake ilitanda mimea mifupi laini kama zulia, na ndani ya zulia hilo waliishi vyura kwa maelfu, wakila wadudu wadogo ambao nao walipenda unyevu huohuo. Wanasayansi walipompa jina la kitaalamu, waliongeza neno asperginis, lenye asili ya Kilatini, linalohusu manyunyu. Jina lake ni anwani ya nyumbani kwake.

Aligunduliwa mwaka 1996, na watafiti waliotumwa kuchunguza viumbe wa korongo hilo kwa sababu bwawa la umeme lilikuwa linajengwa. Mpangilio huo wa mambo ndio chanzo cha yote yaliyofuata. Uamuzi ulikuwa umeshapita, mikopo imeshatolewa, mitambo ya kuchimba iko kazini, ndipo mtu akainua jani na kumkuta mwenye nyumba.

Megawati 180

Ni rahisi sasa kusema bwawa lisingejengwa. Wazazi wengi wa leo walikuwa wanafunzi miaka ya 1990 na wanakumbuka mgawo wa umeme: kusomea koroboi, kupiga pasi ya mkaa, kufunga saluni na mashine za kusaga kwa saa nyingi. Nchi ilitegemea sana mabwawa machache, likiwemo la Mtera, na mvua ikikosekana giza lilifuata. Hospitali zilihitaji umeme. Viwanda vilihitaji umeme. Serikali ilihitaji mto mwingine, ulio mahali pengine, na Kihansi ulikuwa na sifa zote.

Ukuta wa bwawa ni mfupi kwa viwango vya mabwawa, mita 25 hivi. Ziwa lililo nyuma yake ni dogo, halifanani hata kidogo na lile la Mtera. Nguvu ya Kihansi haitoki kwenye wingi wa maji bali kwenye kimo. Maji huchukuliwa juu ya maporomoko, yanaingizwa kwenye handaki ndani ya mlima, yanateremka takribani mita 850 na kugonga magurudumu ya mitambo mitatu iliyo kwenye ukumbi uliochimbwa chini ya ardhi. Kila mtambo una uwezo wa megawati 60. Mradi ulijengwa kwa mikopo na misaada ya Benki ya Dunia na wafadhili wa Ulaya, na ulizinduliwa mwaka 2000.

Kwa kimo hicho, hesabu ni kali. Mita moja ya ujazo ya maji kwa sekunde, kiasi cha mapipa matano, inaweza kufua umeme wa takribani megawati saba. Ndiyo maana kila tone linahesabiwa. Tone linaloachwa lishuke lenyewe korongoni, kwa macho ya mwendesha mitambo, ni umeme unaomwagika.

Mitambo haili maji. Yakishagonga magurudumu yanatoka kwenye mlima na kurudi mtoni, chini ya korongo, na kuendelea na safari yake kwenda Kilombero. Mkulima wa mpunga aliye bondeni hakunyang'anywa mto wake. Mtu akisimama daraja la chini anaona maji yaleyale. Kilichobadilika ni zile kilomita chache za katikati, sehemu ya maporomoko, ambako mto ulirukwa. Karibu asilimia 90 ya maji yaliyokuwa yakipita pale yalihamia ndani ya mlima.

Na pale katikati ndipo alipoishi chura.

Jaribio la kijiko

Hapa watu wazima wengi hukwama, na kijiko cha jikoni kinasaidia kuliko maelezo marefu. Mzazi anaweza kulifanya na mtoto dakika mbili. Shika kijiko chini ya bomba, mgongo wake ukiangalia juu. Fungua bomba hadi mwisho. Maji yanagonga kijiko na kurukia kila mahali: ukutani, usoni, kwenye nguo. Sasa punguza polepole. Kuna hatua inafika ambapo maji bado yanatiririka vizuri tu, yangeweza kujaza ndoo, lakini hayarushi tena hata tone moja. Yanateleza juu ya kijiko na kushuka kimya.

Ndivyo ilivyokuwa Kihansi. Kubakiza sehemu ya kumi ya maji hakukubakiza sehemu ya kumi ya manyunyu. Kuliyamaliza kabisa. Mto uliobaki ulikuwa mto kweli, unatiririka, unaweza kunywesha na kuogesha, lakini haukuwa na nguvu ya kupasuka tena. Upepo wa maporomoko ukatulia. Kile zulia cha majani kikaanza kukauka, na mimea ya kawaida ya porini, ambayo zamani isingevumilia unyevu ule, ikaingia. Siafu nao wakaingia. Kwa mnyama asiyezidi kifuniko cha soda, mwenye watoto wadogo kuliko punje ya mchele, siafu si jambo la kusimulia kwa kicheko.

Wahandisi walizoea kuuliza mto una maji kiasi gani, na sheria za maji nazo ziliuliza hivyohivyo. Lita ngapi kwa sekunde zibaki, nani apewe, nani anyimwe. Hakuna aliyekuwa na fomu ya kuuliza mto unarusha matone umbali gani. Wavuvi, wakulima na wafugaji wana njia ya kulalamika pale maji yanapopungua. Manyunyu hayakuwa na mlalamikaji. Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na huyu wa Kihansi hata kelele hana za kutosha, kwani sauti yake ni ndogo na inamezwa kirahisi na mngurumo wa maporomoko.

Safari ya Marekani

Vyura walipoanza kupungua kwa kasi mwaka 2000, mambo mawili yalifanyika karibu kwa wakati mmoja.

La kwanza lilikuwa kutengeneza manyunyu ya bandia. Mabomba yalitandazwa kwenye miteremko ya korongo, yakifungwa vichwa vya kunyunyizia mfano wa vile vya bustani za maua, na maji ya mto wenyewe yakapitishwa humo kwa mteremko bila pampu. Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Korongo ni lenye kuta za mwamba, utelezi na msitu, na kila bomba lilibebwa na binadamu. Bwawa nalo lilitakiwa kuachia maji zaidi kidogo.

La pili ndilo lililofika vijiweni. Mwishoni mwa mwaka 2000, kwa makubaliano na Serikali ya Tanzania, vyura 499 walikusanywa na kusafirishwa kwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York, kisha wakagawanywa kwenye bustani kadhaa za Marekani. Lengo lilikuwa kuweka akiba, kama mtu anayehifadhi mbegu kwenye dari, endapo za shambani zitaungua.

Kicheko kilikuwa kikubwa. Nchi ina shule zisizo na madawati, watu wakasema, na chura anapanda ndege. Hasira hiyo haikuwa ya kijinga. Mzazi anayemlipia mtoto daladala kwa shida ana haki ya kuuliza nani amelipia tiketi ya chura. Lakini kicheko kilificha swali zito zaidi, nalo ni kwa nini gharama hiyo ilihitajika hata kidogo. Vyura hawakuwa na shida ya fedha hadi walipokatiwa maji. Kama korongo lingechunguzwa kabla ya mikopo kusainiwa, kulikuwa na nafasi ya kupanga bwawa, mabomba na kiasi cha maji ya kuachia kwa pamoja, mezani, kwa kalamu. Baada ya ujenzi kila marekebisho yalikuwa ya kubandika.

Huko Marekani mambo hayakwenda vizuri. Watunzaji walipokea mnyama ambaye hakuna mtu duniani aliyewahi kumfuga. Hawakujua anapenda mwanga wa aina gani, unyevu kiasi gani, mdudu yupi. Vyura walikuja na minyoo ya mapafu na maradhi mengine, na watoto waliozaliwa wengi walikufa. Bustani moja baada ya nyingine ilipoteza kundi lake. Kufikia mwisho wa mwaka 2004, kati ya wote waliosafiri na waliozaliwa huko, walibaki chini ya 70.

Kila aliyewahi kulea mtoto njiti anajua kazi iliyofuata, ya kupima, kusubiri, kurekebisha na kupima tena. Vyombo vya kioo viliwekewa mashine za kunyunyiza kwa saa maalumu, maji yakachujwa, taa za kufanana na jua zikafungwa, na chakula kikawa ni nzi wadogo wa matunda na vidudu vingine vinavyotosha mdomo mdogo kama ule. Bustani za Bronx na Toledo ndizo zilizofanikiwa zaidi. Idadi ikaanza kupanda tena, kwanza kwa makumi, hatimaye kwa maelfu.

Mwaka 2003

Wakati huohuo korongoni kulikuwa na habari njema, na kwa muda mfupi ilionekana kwamba kicheko cha vijiweni kilikuwa na haki. Manyunyu ya bandia yalifanya kazi. Majani yakarudi. Vyura waliobaki wakazaana, na hesabu ya Juni 2003 ilionesha karibu vyura 20,000. Mtu angeweza kusema mabomba yamemaliza tatizo na wale wa Marekani wangerudishwa tu.

Miezi michache baadaye walikuwa wamekwisha. Januari 2004 watafiti walipopita korongoni waliona vyura watatu, na kusikia sauti za wengine wawili.

Ilikuwaje? Mambo kadhaa yaligongana ndani ya kipindi kimoja. Manyunyu ya bandia yalipata hitilafu wakati wa kiangazi. Bwawa lilifunguliwa kwa muda ili kusukuma tope lililojaa nyuma ya ukuta, na tope hilo lilikuwa na mabaki ya dawa za kuulia wadudu kutoka mashamba ya mahindi ya juu. Na kwenye miili ya vyura waliokufa ulikutwa ugonjwa wa ngozi unaosababishwa na kuvu aina ya chytrid, ambao umeua vyura wa aina nyingi katika mabara mbalimbali. Chura hunywa na kwa sehemu hupumua kupitia ngozi, hivyo ngozi ikiugua mwili wote unaugua. Kuvu hiyo husambaa kwa maji na tope, na inaweza kubebwa hata na viatu vya watu wanaokuja kusaidia.

Wataalamu wamebishana miaka mingi ni lipi kati ya hayo lililoua zaidi. Kuvu inatajwa mara nyingi kuwa pigo la mwisho. Lakini hata bila kumaliza ubishi huo, linaonekana jambo moja: mto kamili ulikuwa unafanya kazi nyingi kwa mpigo ambazo hakuna aliyeziorodhesha. Uliosha tope kidogo kidogo badala ya kulikusanya na kulimwaga mara moja. Haukuwahi kuharibika kiangazi. Bomba linaweza kuziba. Maporomoko hayazibi.

Mwaka 2009 chura wa Kihansi aliingizwa rasmi kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe waliotoweka porini. Aliyekuwa amebaki duniani alikuwa yule aliyepanda ndege.

Kurudi nyumbani

Agosti 2010 ndege iliruka kwa upande wa pili. Vyura 100 kutoka Bronx na Toledo waliletwa Dar es Salaam na kuwekwa kwenye kituo maalumu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakilelewa na wataalamu wa Kitanzania waliokuwa wamejifunza kazi hiyo. Kituo kingine kilijengwa Kihansi kwenyewe, karibu na korongo. Walikuwa wajukuu na vitukuu vya wale 499. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuona maporomoko.

Mwishoni mwa mwaka 2012 ulifanyika uachiaji wa kwanza mkubwa, wa vyura wapatao 2,500, kwenye majani yaleyale yaliyonyunyiziwa na mabomba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jamii ya vyura iliyotangazwa kutoweka porini kurudishwa kwenye makazi yake ya asili. Wanaoingia korongoni husafisha viatu kwa dawa kwanza, sharti ambalo wazazi wenye mtoto mchanga ndani watalielewa bila maelezo. Kuvu haijaondoka kwenye mazingira, na kumwachia chura korongoni si sawa na kumfungulia kuku banda. Wengine wameendelea kuachiwa baada ya hapo, na vituo vya kuzalishia vimebaki, kwa kuwa hakuna anayethubutu kuweka mayai yote kwenye kapu moja, hata kama mama mwenyewe hatagi.

Si chura peke yake aliyekuwa amejificha pale. Kuna mbuni wa porini unaoitwa kitaalamu Coffea kihansiensis, jamaa wa kahawa ya kikombe cha asubuhi, ambao nao umepewa jina la korongo hilo na ulitegemea unyevu wake. Mti hauna macho ya kuvutia kama chura wa dhahabu, kwa hiyo haukupata ndege wala vichwa vya habari.

Matunda mengine ya Kihansi yako kwenye makaratasi. Sakata hilo, pamoja na mradi wa usimamizi wa mazingira uliofuata kwa msaada wa Benki ya Dunia, vilitangulia na kuandamana na kutungwa kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayotaka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza. Mzazi anayesikia redioni kwamba mradi fulani "unasubiri cheti cha mazingira" na kuona ni ucheleweshaji wa ofisini, anasikia mwangwi wa chura huyu.

Walio juu ya bwawa

Kuna familia ambazo hutajwa kidogo sana kwenye habari hii. Ni wakulima wa nyanda za juu, kwenye vijito vinavyoulisha Kihansi. Wengi wana vinyungu, zile bustani za mabondeni ambako mama hupanda mboga, maharage na mahindi mabichi wakati wa kiangazi kwa kutumia unyevu wa chini na mifereji midogo. Ada za shule na daftari hutoka humo. Maji wanayotumia ni yaleyale yanayosubiriwa na mitambo na mabomba ya manyunyu. Dawa wanayopulizia mahindi ndiyo inayoweza kuishia kwenye tope la bwawa.

Si haki kuwaambia waache. Walikuwepo kabla ya handaki, na wao ndio wanaokaa na mto siku zote. Lakini mto hauna sehemu ya kwao peke yao, kama usivyo na sehemu ya Tanesco peke yake au ya chura peke yake. Kila anayegusa maji juu anagusa maisha ya mtu asiyemwona chini, na mara nyingi hakuna anayemweleza hilo hadi siku ya ugomvi.

Na chini ni mbali. Maji yakitoka Kihansi yanaingia Mto Kilombero, na Kilombero ikikutana na Luwegu unazaliwa Mto Rufiji. Huko yanakutana na ukuta mwingine, mkubwa kupita wote: Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza kufanya kazi uliingizwa kwenye gridi ya Taifa mwaka 2024. Tone lilelile linafua umeme mara mbili kabla ya kufika baharini. Baada ya hapo linapita kwenye mashamba ya Rufiji, ambako kwa vizazi wakulima wamepanda kwa kufuata kupanda na kushuka kwa mafuriko, na linaishia kwenye mikoko ya delta, inakozaliana kamba inayouzwa Feri.

Mikoko hiyo inahitaji tope linaloletwa na mto, na tope hupenda kutuama nyuma ya ukuta. Mashamba yanahitaji mafuriko yanayokuja kwa wakati wake na kuondoka kwa wakati wake, na bwawa limejengwa ili kuyashika. Umeme wake unawasha taa za mamilioni ya nyumba na umepunguza kilio cha mgawo. Haya yote ni kweli kwa pamoja, na swali la Rufiji ni lilelile la Kihansi lililokuzwa: si lita ngapi tu zinapita, bali zinapita lini, zimebeba nini, na zinamgusa nani.

Kwa mtoto aliyeuliza, jibu linaweza kuwa fupi. Umeme wa nyumbani, sehemu yake, unatoka kwenye maji yanayoanguka ndani ya mlima. Zamani maji hayo yalianguka nje, na kulikuwa na mama mdogo wa manjano aliyeishi kwenye matone yake. Akiuliza sasa yuko wapi, aambiwe wengine wako kwenye vyombo vya kioo, Dar es Salaam na Marekani, na wengine wamerudishwa korongoni, ambako mabomba yaliyotandazwa juu ya miamba bado yanawanyunyizia, na yakiziba kuna watu wanaoteremka kuyazibua.